Malalamiko kuhusu safari ya boti ya Songo Mnara na Kilwa Kisiwani

Ndugu Meneja wa Ziara,

YAH: KUPWELEWA SONGO MNARA NA KUKATIZWA KWA ZIARA YA KISIWANI

Tunaandika kwa niaba ya abiria 14 wa safari yenu ya Jumamosi iliyopita kutoka gati la Kilwa Masoko. Tulilipia siku nzima: kisiwa cha Songo Mnara asubuhi, kisha magofu ya Kilwa Kisiwani, yaani ngome ya Gereza, Makutani na Husuni Kubwa, mchana. Kwa siku ile ratiba hiyo haikuwezekana, na aliyeipanga alipaswa kulijua hilo kabla ya kupokea fedha.

Ilikuwa mwezi 15, mwezi mpevu, yaani bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa wingi zaidi. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni. Hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Ninyi mlipanga kufika Songo Mnara saa 4:00. Boti ilikwama kwenye fungu, mita zipatazo 300 kutoka ufukoni. Baharia alisukuma kwa upondo, upondo ukadidimia topeni hadi nusu, boti isisogee. Tulishuka, maji magotini, kisha tope la mikokoni. Mizizi ya mikoko hugandwa na chaza wenye makali kama wembe, na hakuna aliyetwambia tuje na viatu vya kufunga. Abiria wawili walichanika nyayo. Kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na bandeji moja tu. Boti haikuelea tena hadi karibu saa 7 mchana, nasi tulingoja juani.

Mwongozaji alijibu kwamba bahari haitabiriki. Kwa upepo na mawimbi, tunakubali. Lakini kujaa na kupwa huchapishwa kwenye jedwali la mwaka mzima, na asiye na jedwali huangalia mwezi, kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua geuzeni ratiba: Kisiwani asubuhi na mapema kabla maji hayajatoka sana, Songo Mnara kuanzia saa 8 mchana maji yakipanda, na nanga ing'olewe kabla ya saa 10:30 jioni. Maji mafu, yaani siku za kujaa na kupwa kidogo, yakifika wiki moja hivi baadaye, maji hujaa asubuhi na ratiba yenu ya sasa inafaa. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, ongezeni muda wa kwenda, maana boti huelekea kusini ikipokea upepo na mawimbi usoni. Kurudi ni rahisi.

Saa zilizopotea zilifidiwa kwa kukata ziara ya Kisiwani, kwa sababu nahodha alikuwa na wateja wengine jioni. Husuni Kubwa ilipewa dakika 15. Hilo ni kasri lenye vyumba zaidi ya 100!

Katika dakika hizo 15 mwongozaji aliwapanga watu wapige picha juu ya ukingo wa birika lenye pembe nane. Kipande cha lipu ya chokaa, ukubwa wa kiganja, kilibanduka chini ya kisigino cha abiria, na jiwe la matumbawe likabaki wazi, jeupe. Chokaa ya namna hiyo haizibwi kwa saruji: saruji ni ngumu kuliko matumbawe, hufungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta huendelea kumomonyoka. Magofu haya yalikuwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Kuyatoa humo kulikuwa kazi kubwa, na ninyi mnaishi kwa magofu hayo.

Maelezo ya mwongozaji nayo yarekebishwe, kwamba Husuni Kubwa ni ngome na Gereza ni la Wareno. Jina “husuni” lina maana ya ngome, lakini Husuni Kubwa ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14. Ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Na Gereza si la Wareno peke yao. Wao walijenga ngome mwaka 1505 na kuondoka 1512. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la karibu mwaka 1800.

Jaketi okozi zilikuwa 9 kwa abiria 14. Hili halina mjadala: zisipotimia, boti isiondoke gatini.

Tunadai mambo manne: kila abiria arejeshewe nusu ya nauli, abiria wawili walioumia walipwe gharama za matibabu, ratiba zote zipangwe kwa jedwali la maji, na saa za kujaa na kupwa ziandikwe kwenye tiketi, na waongozaji wakatazwe kabisa kupandisha watu juu ya kuta na birika. Uharibifu wa lipu tayari tumewaarifu wasimamizi wa magofu, tukiambatanisha picha.

Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Wawakilishi wa abiria 14