Vijana wanasoma, hawana wa kuwaonyesha pa kwenda

Ndugu Mhariri,

Wazazi hulalamika kwamba vijana wa Kidato cha Pili na cha Tatu hawasomi. Wanasoma, tena mpaka chaji iishe: simulizi za mapenzi zinazorushwa WhatsApp kipande kwa kipande. Sisi wakubwa tukitaka kuwasaidia tunawatwika diwani ya kale au riwaya ya mtihani, halafu tunashangaa wamerudi kwenye simu.

Inafaa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Anayependa mapenzi apewe "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi. Yasmin ameozwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa, akamkimbia. Msomaji anafuata mapenzi, akija kushtuka yumo katika harakati za kumpinga Mwingereza pamoja na Denge, kijana anayependwa na Yasmin. Aliyekwisha kuiona filamu yake ya 2021 asizuiwe, maana kukijua kisa humpunguzia uzito wa kurasa. Mpenzi wa filamu za upelelezi aanze na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, katika "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960). "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiswahili 2022, ningeiweka ya tatu. Yusuf ni mtoto wa miaka 12, ila kisa chake hakina haraka. Anayeanza nacho hukiacha njiani.

Kabla ya kuazima, kijana afungue ukurasa wa katikati. Maneno asiyoyajua yakizidi matano, kitabu kisubiri. Na aruhusiwe kukiacha baada ya kurasa 30. Walimu wengi hawalipendi hili, lakini anayelazimishwa kumaliza kimoja kilichomchosha hagusi cha pili.

Skulini balaa kubwa ni kufuli. Vitabu vimo kabatini ofisini, eti vitapotea. Vichache vitapotea, kweli. Vilivyofungiwa vinaliwa na mchwa. Tieni 20 ndani ya boksi, likae darasani, mwanafunzi mmoja ashike daftari la safu nne: jina, kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Muda uwe wiki mbili. Mwalimu asome kwa sauti kurasa tatu, akatishe pale kisa kinaponoga, akifunge. Nakala moja haitatosha siku hiyo, kwa hiyo foleni iandikwe nyuma ya daftari.

Anayerudisha asipewe maswali wala insha. Aulizwe tu: kimfuate nani?

Mwalimu wa Kiswahili,
Chake Chake, Pemba