Kocha mpya wa skramu apewe muda

Mhariri,

Mashabiki wa timu za raga za vyuo vikuu hapa Nairobi hawana subira na kocha wa wachezaji wa mbele. Akiletwa mpya, mechi mbili zikipita na skramu (pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira) bado inarudishwa nyuma, kelele zinaanza: hajui kazi, arudi yule wa zamani. Naomba nafasi kidogo nieleze kwa nini mechi mbili hazitoshi kumpima, na kwa nini tukiwa pale pembeni mwa uwanja huwa tunamlaumu asiyehusika.

Macho yetu yamezoeshwa na raga ya wachezaji 7. Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya mchezo huo, walipoicharaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016, tulichoshangilia ni mbio na trai. Skramu ya mchezo ule ina watu 3 kila upande na huisha kufumba na kufumbua. Katika raga ya wachezaji 15 wanakutana 8 kwa 8, na nguvu ya wote hupitia mabega na shingo za watatu wa mbele. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na ina kanuni zake.

Chukua ile kelele ya "Ingieni kwa nguvu!" Ushauri huo umepitwa na wakati. Tangu mwaka 2013 refa hutoa amri tatu: kuinama, kushikana, kisha kuingiana. Mapropu, yaani wale wawili wa pembeni katika mstari wa mbele, huwa wameshashikana jezi na wapinzani kabla mabega hayajakutana, kwa hivyo ule mgongano wa zamani umepungua sana. Anayeingia kabla ya amri anawapa wapinzani frikiki, adhabu ndogo kuliko penalti. Anayeangusha skramu anawapa penalti, na wakiwa na mpigaji mzuri hizo ni alama 3. Wala hairuhusiwi kusukuma kabla mpira haujatoka mikononi mwa skramuhafu, yule anayeuingiza. Siku hizi skramu inashindwa au kushinda kwa mkao, na kwa watu 8 kusukuma kwa pamoja.

Mtazame propu wa kulia, mwenye jezi nambari 3. Kichwa chake kinakaa katikati ya wapinzani wawili, kwa hivyo bega moja linabeba propu wao na la pili linabeba huka wao, yule wa katikati ya mstari wa mbele. Mkono wake wa kulia unatakiwa ushike jezi ya mpinzani mgongoni au ubavuni, kiwiko kikiwa juu. Kiwiko kikielekea chini, bega linafuata, kisha kifua, na skramu nzima inalala. Mabega yasishuke chini ya nyonga hata kidogo. Magoti nayo yabaki yamekunjwa hadi wakati wa kusukuma, maana aliyekwisha kunyoosha miguu hana tena nguvu ya kutoa.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa linaanzia nyuma yake. Loki, yule wa mstari wa pili anayemsukuma propu, akiweka bega juu mno, karibu na kiuno badala ya chini ya kalio la propu, nguvu yake inapanda mgongoni badala ya kwenda mbele. Flanka wa upande huo, yule anayejishikiza ubavuni mwa skramu, akiinua kichwa kuchungulia mpira, bega lake linaachia kalio la propu, na nyonga za propu zinatoka nje. Refa anachoona ni propu aliyepinda, na penalti inamwangukia yeye. Sisi tunamzomea propu na kocha wake, huku flanka akipigiwa makofi kwa kukimbilia mpira mapema.

Kurekebisha hayo kunachukua muda. Kocha makini huanza na mmoja kwa mmoja, wakiwa wamepiga magoti, ili wajifunze kushika na kunyoosha mgongo. Kisha wanasimama, wanakuwa 3 kwa 3, halafu 5 kwa 5, ndipo 8 wakutane na 8. Mashine ya skramu inafaa kwa kufundisha kusukuma kwa wakati mmoja, lakini haimpindi mtu wala haimvuti chini kama mpinzani afanyavyo, kwa hivyo haiwezi kuchukua nafasi ya skramu halisi. Nayo shingo hujengwa kwa miezi. Anayeharakisha hapo anawaumiza vijana. Isitoshe, mwanzoni skramu inaweza kuonekana mbovu kuliko ilivyokuwa, kwa sababu wachezaji wameacha mazoea ya zamani na mapya hayajawakaa mwilini.

Hata uwanja una lake. Udongo mweusi wa sehemu nyingi za jiji hili hunata na kuteleza wakati wa masika. Sheria inaruhusu meno ya njumu yenye urefu wa hadi milimita 21, lakini wanafunzi wengi huja na njumu za kandanda zenye meno mafupi. Miguu ikiteleza, hakuna mkao utakaookoa skramu.

Lawama nyingine ni ya wasimamizi wa michezo vyuoni. Kikosi cha wachezaji 23 kinatakiwa kiwe na 6 waliofunzwa kucheza mstari wa kwanza, yaani wawili kwa kila nafasi. Kumwandika flanka kwenye fomu kama propu ili hesabu itimie ni kuhatarisha shingo ya mtoto wa watu. Waliofunzwa mstari wa kwanza wakiisha, refa huamuru skramu zisizo na kusukumana, na kazi yote ya kocha inakuwa bure. Halafu kuna mitihani, mafunzo ya nyanjani na likizo. Kocha anaweza kujenga watatu wazuri muhula huu, muhula ujao akabaki na mmoja. Na msimu wa wachezaji 7 ukifika, mapropu huachwa bila programu yoyote, wanarudi wakiwa wamelegea.

Ombi langu kwa mashabiki wenzangu ni dogo. Katika kila mechi, andikeni skramu ambazo timu yenu iliingiza mpira, ngapi mpira ulitoka salama miguuni mwa nambari 8, yule wa nyuma kabisa, ngapi ziliporomoka, na penalti zilizotolewa kila upande. Fanyeni hivyo muhula mzima, kisha linganisheni mwezi wa kwanza na wa mwisho. Na kabla ya kudai kocha afukuzwe, idaieni ofisi ya michezo iwanunulie watatu wa mbele njumu zinazofaa na iwape mpango wa mazoezi ya shingo wakati wa likizo.

Shabiki wa raga,
Nairobi