Mheshimiwa, mkubwa akishataja jina watu wetu hukaa nyumbani

Portland, Maine, Aprili 2026

Mheshimiwa Mwakilishi,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ulilifanya hadharani. Mwezi Februari ulisimama na mgombea mmoja, mkapigwa picha mmeshikana mikono, ukasema huyu ndiye unayetaka akurithi kiti chako Augusta, kwenye Baraza la Wawakilishi la jimbo. Siku hiyo wagombea wengine wawili walikuwa bado wanazunguka mitaani na fomu zao, wanatafuta sahihi za kuingia kwenye mchujo, yaani uchaguzi wa chama wa kumpata mgombea wake. Mmoja wao alinipigia simu usiku akaniuliza kama kuna haja ya kuendelea. Nikamwambia aendelee. Lakini nilipokata simu nilibaki na donge, na donge hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Sina neno baya juu ya uliyemchagua. Ni mtu mwema, na huenda mwisho wa yote nikampa kura yangu. Ninacholalamikia ni kwamba ulisema mapema mno, na pengine hukujua neno lako lilivyosikika huku kwetu.

Mimi ni mzaliwa wa Fizi, Kongo. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, nikafika hapa mwaka 2016, nikaapa uraia mwaka 2022. Tulikotoka, mkubwa akishataja jina, uchaguzi umekwisha. Kinachobaki ni sherehe. Mtu mwenye akili hapotezi siku ya kazi kwenda kupanga foleni kwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Picha yako ilipoanza kuzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, watu hawakuuliza mgombea wako ana mpango gani kuhusu kodi za nyumba. Waliniuliza: "Kumbe imeshapita?" Kwa muda wa wiki nzima nilikuwa naeleza kwamba haijapita, kwamba kura ni tarehe 9 Juni, kwamba Mheshimiwa ametoa maoni yake tu kama raia mwingine yeyote. Wengi walinitazama kwa huruma, kama mtu ambaye bado hajaelewa mambo.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba katika wilaya yetu uchaguzi mkuu wa Novemba ni kukamilisha tu. Anayeshinda mchujo wa chama chetu cha Democratic mwezi Juni ndiye anayekwenda Augusta. Na mwaka huu macho yote yako kwenye ugavana na kiti cha Seneti ya Washington, kwa hiyo mbio zetu ndogo za Baraza la Wawakilishi zitakuwa chini kabisa kwenye karatasi, mahali ambapo mkono wa mpiga kura umeshachoka. Baraza lina viti 151, jimbo lina watu milioni 1.4 hivi; kila kiti kinabeba watu kama elfu tisa. Nyarugusu nilipoiacha ilikuwa na watu zaidi ya mara kumi ya hao. Ondoa watoto, ondoa ambao bado si raia, ondoa wanaojitokeza Novemba tu. Mchujo wa namna hii unaamuliwa na tofauti ya kura mia chache, na wakati mwingine haifiki hata mia. Mimi nina daftari langu la majina, majengo matatu ya ghorofa ya mbao ninayoyapita kila Jumapili mchana, na humo peke yake kuna raia wapya wa kutosha kugeuza matokeo. Ndiyo maana najali.

Ukomo wa mihula ulipitishwa na wananchi wa jimbo hili kwa kura mwaka 1993: mihula minne mfululizo, kisha uachie. Mimi naamini walitaka kiti kirudi mikononi mwao kwanza. Mfuko wa Uchaguzi Safi, unaowapa wagombea fedha za umma za kampeni, nao waliupitisha wenyewe, mwaka 1996, ili mtu asiye na matajiri nyuma yake aweze kugombea. Ili apewe fedha hizo, mgombea wa Baraza anatakiwa kupata wapiga kura 60 walioandikishwa katika wilaya yake, kila mmoja atoe dola 5. Majira haya ya kuchipua nimekaa kwenye ngazi za jengo moja na yule mgombea aliyenipigia simu. Jirani yangu, mama anayefanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, alitoka na noti ya dola 5 iliyokunjwa mara nne, akaikunjua kwenye goti lake, akaisawazisha kwa kiganja. Akaandika jina lake kwenye fomu polepole, herufi moja moja, kisha akauliza: "Sasa huyu nikimwona Augusta, naweza kumwambia mimi ni mmoja wa wale sitini?" Nikamjibu ndiyo. Mheshimiwa, mama huyo ndiye aliyeniuliza wiki moja baadaye kama hela yake imepotea, kwa sababu ameona picha yako.

Kuna na hili la kupanga wagombea kwa namba. Wagombea watatu, unaweka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tunautumia utaratibu huu kwenye mchujo tangu 2018, lakini Novemba, kwa viti vya jimbo, hautumiki, kwa sababu katiba ya Maine inampa ushindi mwenye kura nyingi kuliko wengine, hata asipofika nusu. Watu wetu wanachanganyikiwa, na siwalaumu. Baada ya ibada nilimweleza mama mmoja wa kwetu Fizi hivi: umefika kwenye sherehe, unataka sombe, yale majani ya muhogo, sombe imekwisha, utaondoka na njaa? "Hapana, nitachukua maharagwe." Na yakiwa yamekwisha? "Nitakula ndagala, vile visamaki vidogo." Basi, nikamwambia, umeshapiga kura. Akafikiri kidogo, akaniuliza: "Na anayepakua atajuaje kwamba sombe yangu imekwisha?" Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nikamweleza kwamba ikiwa hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa, na waliompenda kura zao zinakwenda kwa chaguo lao la pili. Alielewa. Akaomba karatasi ya mfano akaionyeshe wanawe.

Huyo yuko tayari kuwapima wote watatu, na utaratibu umempa nafasi hiyo. Sasa ukimletea jina moja kutoka juu, unamwambia sufuria ni moja.

Najua utakumbuka mema uliyotutendea, na sisi hatujayasahau. Tulikuwa na wewe wakati watoto na wajawazito wasio raia waliporudishiwa MaineCare, bima ya afya ya jimbo, mwaka 2022. Mwaka huohuo Deqa Dhalac na Mana Abdi walichaguliwa kuingia Baraza, Wasomali wa kwanza kufika huko, na watoto wetu Wakongo walishangilia kama wao ndio walioshinda. Kwa sababu hiyo neno lako lina uzito kwetu. Lingekuwa halina uzito nisingeandika.

Ninachokuomba ni kitu kinachowezekana kabla ya Juni. Usimkane mgombea wako. Sema tu, kwa sauti yako mwenyewe, kwamba hujaamua kwa niaba yetu na kwamba watatu wote ni halali. Nirekodie dakika moja kwenye simu, mimi nitatafsiri. Tena uniongezee jambo moja ambalo mdomo wangu peke yangu hautoshi: mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi hapa bila kuwa raia, asijiandikishe wala asipige kura, maana anaweza kupoteza kila kitu alichokingojea. Na aliye raia asiogope. Anaweza kujiandikisha siku ileile kituoni, na asiye na chama anaruhusiwa kwenye mchujo tangu 2024. Kila mwaka karatasi za kampeni katika Kiswahili zinanifikia Oktoba, zimebaki siku mbili nizitafsiri. Mwaka huu nazihitaji Mei, kura za mapema zinapoanza.

Ukumbi wa chini ya kanisa tumeshaukodi, Jumamosi ya tatu ya Mei, saa tisa alasiri, ili wa zamu ya usiku wawe wameamka na wa zamu ya mchana wawe wametoka. Wagombea wote watatu nimewaalika na wamekubali. Kila mmoja atapewa dakika kumi, na mkalimani amepatikana. Nakuomba uje ukae mstari wa mbele pamoja na mama wa dola tano, usikilize, usipande jukwaani. Chakula kitakuwepo, na sombe tutapika ya kutosha.

Wako katika chama,
Kada wa mtaa, Portland