Akchueta ya upepo haichaguliwi kwa picha

Wiki mbili zilizopita, saa moja kasoro asubuhi, ndo kwanza tunafungua geti la karakana hapa Iyunga, Mbeya, simu inaita. Mteja wetu wa Makambako, ana kiwanda kidogo cha sembe. Salamu hakuna, kaanza na "fundi mmenipiga". Akchueta tuliyomuuzia, kile kifaa cha kuzungusha valvu kwa upepo, ina siku tisa tu, haina nguvu, na ile ya zamani aliyoitoa, umbo lile lile, rangi ile ile, ilifanya kazi miaka minne bila kelele. Akamalizia na lile neno tunalolisikia kila mwezi, mmeniuzia feki.

Mzee wangu, sio feki. Na sisi tuna kosa letu kwenye hii habari, nitalisema. Alichofanya ndo wanachofanya wengi: alituma picha WhatsApp, imepigwa kwa mbali mpaka kuku anaonekana pembeni, chini kaandika "nataka kama hii ila ya springi". Tukamuuliza valvu ni inchi ngapi, inapita nini, upepo wako bari ngapi, yani presha yake. Jibu: "nyie nipeni kama hii". Siku hiyo kulikuwa na watu wamejaa dukani, tukampa. Hapo ndo tulipokosea, na toka siku hiyo kwa picha peke yake hatuuzi, hata ukikasirika.

Kwa asiyejua, akchueta hizi zinachukua upepo wa kompresa zinaugeuza kuwa mzunguko, mara nyingi nyuzi 90, robo duara, kufungua na kufunga boli valvu (ya tufe lenye tundu) au bataflai (ya sahani inayogeuka ndani ya bomba) bila mtu kushika mkono wa valvu. Nyingi zinazofika mezani kwetu ni za raki na pinioni, yani pistoni mbili zinatazamana, kila moja ina mkono wenye meno, katikati kuna gia ya shafti, pistoni zikiachana gia inazunguka, zikirudi inarudi. Kuna za veni, bapa moja linazunguka ndani ya chumba cha duara, nyepesi na ndogo, zinafaa kwenye laini za pakiti kugeuza chupa au boksi, na nyingine zinavuka nyuzi 90 mpaka 270, ila sili ya bapa, ule mpira wa kuziba pembeni yake, ikilika upepo unapita ndani kwa ndani, nje husikii kitu, unabaki kulaumu kompresa. Na kuna skochi yoki, za mabomba makubwa, nguvu yake ni kubwa mwanzo na mwisho wa mzunguko na katikati inapungua. Kwa valvu hiyo ni sawa kabisa, mana valvu inakaza zaidi ikiwa imefunga. Hizo kwetu zinaingia mbili tatu kwa mwaka, stoo hatuweki, tusidanganyane.

Sasa turudi kwa mzee wa Makambako. Yake ya zamani ilikuwa ya upepo pande mbili, upepo unafungua na upepo unafunga. Shida yake umeme ukikatika valvu inabaki pale pale ilipo na unga unaendelea kumwagika toka kwenye hopa, lile pipa la juu la unga, kwa hiyo akataka ya springi, upepo ufungue, umeme ukikatika springi ifunge yenyewe. Wazo zuri sana, hata mimi ningefanya hivo. Lakini springi hailetwi bure. Kila upepo unapofungua, kwanza unapigana na springi ndo uguse valvu.

Tupige hesabu, msuguano tuuache. Pistoni ya mm 80, kwa bari 6, inasukuma karibu nyutoni 3,000. Ziko mbili, 6,000. Kutoka katikati ya gia mpaka kwenye meno ni mm 15, unapata nyutoni mita 90, ndo kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Hiyo ndo ilikuwa nguvu ya akchueta yake ya zamani, kufungua 90 na kufunga 90. Mwili huo huo ukiweka springi zinazodai 35 zikiwa zimelegea na 50 zikiwa zimebanwa, upepo unaanza na 55 unamaliza na 40, na wakati wa kufunga springi inaanza na 50 inafika kwenye kiti cha valvu, pale inapokaa kuziba, imebaki na 35. Bataflai yake ya inchi 4 tulipokuja kuipima kwa spana ya kupimia, na unga umegandamana kwenye mpira, ilidai karibu 50. Ukitoa na msuguano wa ndani, ile 55 haitoshi. Kwa nje mwili ni ule ule, ndani nguvu imebaki nusu na kidogo, na picha haiwezi kukuonyesha hilo.

Hapo ndo tunafika kwenye dawa ya mtaani. Kijana wake wa mashine akaona haifunguki, akaenda kwenye regyuleta, ile ya kurekebisha presha ya upepo, akapandisha mpaka bari 10, wakati kibao cha akchueta kimeandikwa mwisho 8. Ikafunguka! Wakafurahi, chai ikaletwa. Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba upepo ukiuongeza unaongeza upande wa kufungua tu, springi inabaki na 35 yake ile ile. Siku ya tisa usiku umeme ukakatika, valvu ikajifunga ikaishia imebaki uwazi wa kidole kimoja, unga ukashuka mdogo mdogo mpaka alfajiri. Na tulipoifungua, oringi ya pistoni moja, ile pete ya mpira ya kuzuia upepo, ilikuwa imechanika kama tambi. Gharama ya ule unga sitaki kuitaja, mwenyewe anaijua.

Ukishajua valvu inadai ngapi, ongeza asilimia 25 mpaka 30 juu yake, na kama inapita unga, simenti au kitu chochote kikavu cha vumbi ongeza zaidi, maji na mafuta yana huruma kidogo. Halafu hesabu kwa upepo mdogo kabisa unaofika pale kwenye mashine, geji ya kwenye kompresa isikudanganye. Ya springi ikishushwa mpaka bari 4 inakufa haraka kuliko ya pande mbili. Chukua ile hesabu ya juu ukaifanye kwa 4, mwisho wa kufungua unabaki na 10. Kumi!

Na huku kwetu nyanda za juu kuna jambo la ziada. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, kompresa ile ile ya Dar huku inavuta hewa pungufu karibu asilimia 18. Bari 6 kwenye geji ni bari 6 popote, ila kompresa inachelewa kujaza, mashine tano zikifunguka pamoja upepo unashuka na ile ya mwisho kwenye paipu ndo inaanza kuvivia. Halafu mwezi wa sita na wa saba baridi inapiga, maji yanajikusanya kwenye paipu, yanaosha grisi na kutia kutu springi. Mwageni maji ya tenki kila siku jamani, ni koki tu ile.

Kazi nyingine iliyonikaa kichwani ni ya kiwanda cha chai upande wa Tukuyu. Walinunua wenyewe akchueta ya tundu la mraba la mm 17, shafti ya valvu ni mm 14. Fundi wao akajaza nafasi kwa vipande vya bati la kopo, akagonga na nyundo, ikakaa. Baada ya mwezi akchueta inazunguka vizuri kabisa, valvu haifunguki, bati limesagika na kona za shafti zimekuwa duara kama yai. Bushi, kipande cha chuma cha kupunguza tundu toka 17 mpaka 14, tunachonga kwa lisaa limoja, wao wakaishia kununua valvu nzima.

Bei sasa, mana najua ndo mnaisubiri. Kuna bwana wa mashine ya mpunga, Mbarali, alituita akisema akchueta imekufa, inazunguka kama kobe. Tukaenda, tukafungua kile kisailensa kidogo cha shaba pale upepo unapotokea, kimejaa vumbi la pumba kama keki, tukakiosha, ikaruka. Dakika kumi. Tukamchaji elfu arobaini na nauli, akalalamika mpaka leo, "kwa kuosha kijiskrubu?" Kaka, kabla hatujaja ulishaandaa pesa ya akchueta mpya. Tungetaka kukupiga tungekuuzia.

Na usifungue vifuniko vya ile ya springi nyumbani. Springi humo ndani zimebanwa, kuna aina ukilegeza boliti vibaya kifuniko kinakuja kifuani. Ilete.

Mzee wa Makambako tumemalizana. Tumemfungia mwili mkubwa, pistoni mm 105 ya springi, regyuleta tumerudisha 6 na tumeipiga kufuli, valvu inafunga tap. Ile ya mm 80 tuliichukua tena sisi kwa nusu ya bei kwa sababu na sisi tulikosea kumpa bila kupima, tumebadilisha oringi zote na ipo kabatini. Mwenye bataflai ya inchi 2 ya maji, inayodai nyutoni mita 20 kushuka, aje tuongee. Aje na vipimo.