Barua za kupendekeza wasanifu wenzetu ziandikwe kwa uzito

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasanifu majengo wenzangu kuhusu wajibu tunaoupuuza, nao ni kupendekeza majina ya wenzetu kwa ajili ya tuzo na heshima za kitaaluma.

Mwaka juzi niliombwa kuunga mkono jina la msanifu aliyenilea kikazi. Wiki ileile nilikuwa na mradi wa kukabidhi, nikaandika mistari minne tu: kwamba ni mchapakazi, ni mwadilifu, na ameitumikia fani kwa zaidi ya miaka 30. Yote yalikuwa kweli, lakini barua ile ingemfaa hata mhasibu, kwa kuwa haikutaja jengo hata moja. Sikusema kwamba katika shule aliyoisanifu kule Temeke alishinda kiwanjani kutwa nzima akifuata kivuli kwa chaki, ndipo akaamua upana wa mbavu za zege za kukinga jua zilizo nje ya madirisha ya magharibi, na kwamba hadi leo watoto wa zamu ya mchana wanasoma humo bila pazia. Jina lake halikupita, na sehemu ya kosa hilo ni yangu.

Waamuzi hawana budi kupima kilichowekwa mezani, na majengo yetu hayajielezi yenyewe. Maelfu wamepita chini ya miamvuli ya zege ya Soko Kuu la Kariakoo, lililojengwa katika miaka ya 1970, bila kujua kwamba paa lile lilikusudiwa pia kukinga maji ya mvua, wala kwamba msanifu wake ni Mtanzania, Beda Amuli. Moto ulioliunguza soko hilo Julai 2021 unajulikana mjini kuliko jina lake. Anayeweza kueleza mambo hayo kwa usahihi ni msanifu mwenzake, na asipoyaandika yeye sioni nani mwingine atakayeyaandika.

Tuwe waangalifu pia na majina tunayoyaacha. Mwaka 1991 Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, alipewa Mmarekani Robert Venturi peke yake, ingawa mkewe, Denise Scott Brown, alikuwa mshirika wake wa kazi kwa miaka mingi. Na mwaka 2013, maelfu ya watu walipotia saini kuomba naye atambuliwe, walijibiwa kwamba jopo la baadaye haliwezi kufungua upya uamuzi wa jopo lililotangulia. Katika ofisi zetu hapa Dar es Salaam wapo wanawake waliochora majengo mazima ambayo kibao chake kina jina la mkuu wa ofisi tu, na anayependekeza jengo kabla ya kuuliza nani alilichora anashiriki dhuluma hiyo, hata kama hakukusudia.

Ningependa chama chetu kisipokee pendekezo la mtu ambaye hajaingia ndani ya jengo analolisifu na kuzungumza na wanaolitumia.

Michoro ya mlezi wangu imeviringishwa katika mabomba ya plastiki stoo kwake, na mingine imeshaingiwa na mchwa. Kila Jumamosi ninakwenda kuipiga picha, ili jina lake lirudishwe mwakani likiwa na ushahidi. Nawaomba wenzangu waliofanya kazi katika majengo yake waandike walichokiona kwa macho yao, wakitaja jengo, chumba na mwaka.

Msanifu majengo,
Upanga, Dar es Salaam