Kupima RSV: Jibu la Mtoto na la Mtu Mzima Halisomwi Sawa

Kaskazi ikishaingia, maabara yetu hapa Mombasa hupokea watoto wengi wanaokohoa na kubanwa na kifua. Wengi wao huwa wameshaanzishiwa antibayotiki za dukani. Kati ya vyanzo vikubwa vya vifua hivyo ni RSV, kirusi kinachoshambulia njia za hewa, na antibayotiki haikigusi kabisa. Kwa hiyo kukipima kuna faida, lakini majibu lazima yasomwe kwa kuangalia umri wa aliyepimwa.

Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua, na mwaka uliofuata kikapatikana kwa watoto huko Baltimore, Marekani. Karibu kila mtoto hukipata kabla ya kutimiza miaka 2, na wengi hupona bila shida. Tunachohofia ni kichanga, hasa wa chini ya miezi 6, maana vijia vya hewa ndani ya mapafu yake ni vyembamba mno. Vikivimba na kujaa kamasi, pumzi hukosa pa kupita. Majirani zetu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi wamekifuatilia kirusi hiki kwa miaka mingi. Walipochunguza familia majumbani, waliona kwamba mara nyingi anayemwambukiza mdogo ni kaka au dada yake anayesoma shule. Basi mwanafunzi mwenye mafua asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, na anawe mikono kabla ya kumbeba.

Sampuli tunaichukua kwa kijiti laini kinachopitishwa puani hadi nyuma. Ni sekunde chache tu. Mtoto atalia, na ni kawaida. Mama ampakate, sisi tumshike kichwa.

Kipimo cha haraka hutafuta protini za kirusi, na majibu hutoka kati ya dakika 15 na 30. Kwa mtoto mdogo kinafaa: pua yake hubeba virusi vingi kwa siku nyingi, na kipimo hunasa takribani watoto 8 kati ya 10 walioambukizwa. Mtu mzima ni habari nyingine. Yeye ameshaambukizwa mara kadhaa maishani, kinga yake hukibana kirusi mapema, na kinachobaki puani ni kidogo sana. Kipimo kilekile mara nyingi humwambia mgonjwa wa kweli kwamba hana. Ndiyo maana babu mwenye moyo dhaifu, au bibi mwenye pumu, hatumpi jibu la "hakuna" kwa kipimo cha haraka peke yake. Tunamshauri apimwe PCR, ambayo huzidisha chembe za urithi za kirusi hadi zionekane hata zikiwa chache. Na aje mapema, siku tatu nne za mwanzo, kabla kirusi hakijapungua.

Wateja hutuuliza: kama RSV haina dawa yake ya kumeza nyumbani, kupima kwa nini? Kwanza, daktari akijua ni RSV hupata sababu ya kusita kuandika antibayotiki isiyohitajika. Pili, mtoto aliyelazwa hutengwa na vichanga wengine. Tatu, mzazi anajua kwamba siku ya 3 hadi ya 5 ndizo huwa ngumu zaidi, asidanganyike na nafuu ya siku ya pili. Hata hivyo, kuonekana kwa RSV hakufuti malaria wala nimonia ya bakteria. Mtoto mwenye homa bado apimwe malaria.

Tunaomba jambo moja kwa msisitizo: mtoto anayepumua kwa shida asiletwe maabara kwanza. Apelekwe hospitali moja kwa moja. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40. Vilevile kama mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, hawezi kunyonya, midomo inageuka rangi au pumzi inakatika kidogo kisha kurudi, usingoje. Wengine hufa kwa kuchelewa kufikishwa kwenye oksijeni, na hilo linatuuma.

Mkija kupima, mtuambie dalili zilianza siku gani, na mje na paketi za dawa zote ambazo mgonjwa ameshatumia.