Shoga, zile kuni zitoeni chini

Mwajuma shoga yangu, salaam sana, habari za Ujiji, watoto hawajambo, mama je? Huku Urambo tu wazima, mvua zimeshaanza na watu wote wako mashambani. Kimya changu tutakiongea siku nyingine, leo nakuandikia sababu ya ile voisi yako ya juzi. Unasema kuni zote za ule mwembe zimelowa, jikoni moshi mtupu, na mama asubuhi anamiminia mafuta ya taa ndo moto ushike. Hapo kwenye mafuta ya taa usingizi umenikata. Mwambie aache, tena leo leo. Mtu anaona moto umezimika kumbe chini kuna kaa, anamimina, moto unapanda mpaka kwenye kidumu alichoshika.

Na kile kikohozi chake unakijua. Kuni yenye maji haiwaki vizuri, joto lote linaishia kukausha yale maji kwanza, na kisichoungua ndo huo moshi anaouvuta yeye.

Sasa nimeiangalia ile picha uliyotuma. Shoga, kuni ziko juu ya udongo, zimeegemea ukuta, halafu mmeshusha turubai mpaka chini mkalibana na matofali! Mvua ya juu kweli haizipati, ila unyevu unapanda kutoka ardhini na ule ulio ndani ya kuni hauna pa kutokea, ndo maana ukifunua unakutana na ukungu na ile harufu. Na mwembe ukikaa hivyo unaoza haraka na wadudu wanaupenda, sio sawa na miti ya huku kwetu, mtundu au myombo.

Tengenezeni kichanja. Huku wakulima wa tumbaku wanakausha majani yake mvua ikiwa bado inanyesha, kwa hiyo kuni za bani, lile banda la kuyakaushia kwa moto, zikilowa hasara yake ni kubwa, na utunzaji wa kuni wanaujua. Panga mawe au matofali, laza juu yake magogo mawili marefu, kuni zikingame juu yake, chini pabaki uwazi hata kuku apite. Ziachane na ukuta kidogo, mkono upite. Juu weka bati chakavu lenye mwinamo, lizidi kuni pande zote, na ubavuni acheni wazi upepo uingie. Kama bati hamna, turubai liwe juu tu kama kofia, msilishushe. Yale magogo mazima yapasueni, gogo lenye gome lake linakaa na maji muda mrefu sana. Kuni kavu utaijua, ncha zinapasuka nyufa na ukigonga mbili zinalia.

Mchwa hawatakosa kujaribu, lakini kupanda mawe lazima wajenge njia yao ya udongo, unaiona, unaikwangua. Zikiwa chini wanapitia huko huko usikoona mpaka unanyanyua gogo limebaki ganda. Wengine wanapaka oili chafu kwenye mawe ya chini, sawa, ila isiguse kuni zenyewe, mama ataivuta kwenye moshi. Tena watoto ndo wanaotumwa kuni, na rundo la chini ndo nyumba ya nge na nyoka.

Kwa wiki hii kabla kichanja hakijaisha, kuni za kesho ziingizeni jikoni leo, zikae karibu na mafiga lakini zisiguse moto, na za kuwashia mtumie magunzi. Mafuta ya taa yafiche kabisa, Mwajuma. Ukimwambia ni mimi nimesema atasikia, alinilea yule.

Mwambie Rashidi aache kushinda mwaloni Kibirizi, hii kazi ni ya nusu siku tu. Yale mabati ya banda la kuku bado yapo? Au Bi Tatu alishayachukua? Mama anakohoa zaidi usiku au akiwa jikoni? Mmempeleka hospitali au mnasubiri nini? Na kwa nini asikae nje mwingine akapika, Zuhura si yupo? Nimemwekea asali ya huku, ile nyeusi anayoipenda, kuna mtu wenu yeyote anapita na treni wiki ijayo nimkimbizie pale stesheni?

Wako,
Mama Neema